Wamarekani wanatuuzia vitabu vya kutajirika, lakini riwaya zao zinasema kingine (uzi mrefu, povu ruksa)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "vitabu vilivyobadilisha maisha yangu", maana hapa nimekuja kusema karibu kinyume chake.

Mimi si mwalimu wa fasihi. Nimesomea uhasibu, na vitabu ninavyoshinda navyo kutwa ni vile vya mapato na matumizi. Ugonjwa huu wa kusoma niliuokota kwa wauza mitumba ya vitabu pale Posta, wale wanaotandaza turubai kando ya barabara. Kama umewahi kuchuchumaa pale unajua kwamba mzigo mkubwa unatoka Marekani. Unafungua ukurasa wa kwanza unakutana na muhuri wa maktaba ya shule huko Ohio au Nebraska, na kule nyuma kile kimfuko cha kadi bado kimegandishwa kwenye jalada. Kitabu kimesomwa na mtoto wa mkulima wa mahindi, kikachokwa, kikapakiwa kwenye kontena, na leo kiko mkononi mwako kwa buku tatu baada ya kubishana.

Muuzaji wangu ana mpangilio wake. Mbele kabisa anapanga Rich Dad Poor Dad, Think and Grow Rich, The 48 Laws of Power na ndugu zao. Nyingi ni nakala za kurudufu, wino umepauka, na bado bei haishuki hata umlilie. Nyuma kuna boksi la sabuni limejaa riwaya. Siku moja nilimuuliza hizo anauzaje. Akanijibu bila kuniangalia: "Hizo za hadithi chukua tatu kwa bei ya moja, hazitoki."

Nina mdogo wangu, simtaji jina maana na yeye yumo humu jukwaani. Mwaka juzi alihudhuria semina ya hamasa, akarudi na vitabu viwili vya mstari wa mbele na akabandika ratiba ukutani. Kuamka saa kumi na moja alfajiri, mazoezi, dakika thelathini za kusoma kitabu cha kujiendeleza, kuandika malengo, akiba ya elfu tano kila siku. Nilimheshimu kwa ile ratiba. Mimi sijawahi kuamka saa kumi na moja isipokuwa nina basi la kuwahi.

Sasa hoja yangu ni hii: lile boksi la nyuma limekaa linabishana na mstari wa mbele, na hakuna anayesikiliza. Taifa lililotuandikia jinsi ya kuwa tajiri ndilo hilo hilo lililoandika hadithi za kutisha kuliko zote nilizosoma kuhusu pesa. Nitashusha kitabu kimoja kimoja. Kaeni mkao.

#2 Mleta uzi

Naanza na The Great Gatsby cha F. Scott Fitzgerald, kilichotoka mwaka 1925. Wengi wamekiona kwenye sinema wakabaki na suti nyeupe na mashampeni. Kitabu chenyewe ni chembamba, unakimaliza kwa foleni za wiki moja.

Gatsby ni tajiri wa New York ambaye jumba lake halilali. Watu wanakunywa kwake hawamjui, wengine hata hawajaalikwa. Pesa yake imetokana na biashara ya pombe enzi ambazo pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchi nzima, kuanzia 1920 hadi 1933. Yaani tuseme ni mfanyabiashara wa gongo aliyehamia Masaki. Kazaliwa James Gatz, mtoto wa wakulima hohehahe wa North Dakota, na mali yote ile ameikusanya ili mwanamke mmoja aliyemkosa zamani, Daisy, aione kutoka ng'ambo ya maji.

Anakufa. Mazishini hakuna mtu. Wale mamia waliokula na kunywa, hata mmoja hakutuma salamu, ukiacha mlevi mmoja mwenye miwani aliyefika kwa kuchelewa. Na sisi tunaojua msiba unavyohesabiwa kwa magari na maturubai, ukurasa ule unauma kwa namna ambayo sidhani Mmarekani anaipata vilevile.

Lakini sikuja kwa ajili ya msiba. Baba yake Gatsby anatokea, mzee wa watu kasafiri na treni, anatoa mfukoni kitabu chakavu alichokuwa nacho mwanawe utotoni. Kwenye ukurasa wa mwisho mtoto kaandika ratiba, tarehe 12 Septemba 1906. Kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Mazoezi ya vyuma kwa robo saa. Kusoma mambo ya umeme. Kazi. Kujifunza kuzungumza mbele za watu. Chini yake maazimio: kuacha sigara, kuoga kila baada ya siku moja, kusoma kitabu kimoja cha kujiendeleza kila wiki, akiba ya dola tano kwa wiki (tano imekatwa, pameandikwa tatu), kuwatendea wema wazazi.

Niliposoma pale nilikiweka kitabu chini. Ile ilikuwa ratiba ya mdogo wangu. Ilikuwa ukutani kwetu, mita mbili kutoka nilipokaa.

Fitzgerald hapingi kuamka mapema. Mzee anaionyesha ile karatasi kwa fahari, anasema mwanangu alikuwa na maazimio ya namna hii sikuzote. Na ni kweli, ratiba ilifanya kazi, kijana akatajirika! Anachouliza mwandishi ni ratiba ilimpeleka wapi.

#5 Mdau wa Mwanza

Mleta uzi unaleta dharau. Rich Dad ndiyo ilinifungua macho. Nilikuwa na mshahara na sina kitu. Baada ya kusoma nikanunua bodaboda mbili, leo nina nne na kibanda cha miamala. Hizo riwaya zako zimekupa nini zaidi ya huzuni? Maskini akisoma habari za tajiri aliyekosa watu mazishini anajifariji tu.

#6 Mleta uzi

Mkuu, hongera kwa boda, natoa kofia. Na pigo lako limenipata, kujifariji kupo.

Nikukubalie jambo moja kama mhasibu. Kile kitabu cha Robert Kiyosaki kinaeleza tofauti ya kitu kinachoingiza pesa mfukoni na kitu kinachotoa pesa mfukoni kwa lugha ambayo mtoto wa la saba anaielewa. Mimi nilisoma miaka mitatu chuoni bila kuelezwa hivyo. Kile kisa cha yeye na rafiki yake wakiwa na miaka tisa, wanayeyusha mirija ya dawa ya meno ya madini ya risasi ili watengeneze sarafu zao wenyewe, ni kizuri hata kama ni chai. Wanaambiwa hiyo ni kughushi pesa, ni kosa la jinai. Nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Kitabu kinalinganisha baba wawili, baba yake mwandishi na baba tajiri wa rafiki yake, na ugomvi wangu uko kwenye baba wa kwanza. Baba maskini ni msomi, mwalimu, mtu wa elimu huko Hawaii, na kitabu kizima kimekaa kinamsikitikia mzee wa watu. Kosa lake ni kufanya kazi kwa uaminifu na kulipa madeni. Mtumishi wa umma anayesoma pale anajikuta kaaibishwa na maisha yake mwenyewe. Halafu kuna kitu mwandishi anakipita kwa mbio: ili mimi nile kodi ya nyumba bila kufanya kazi, lazima pawe na mtu anayefanya kazi ili anilipe kodi. Huyo mtu kitabu hakimjui jina. Nitamrudia huko chini, maana kuna Mmarekani mwingine alikwenda kukaa naye.

Kuhusu zile kanuni 48 za madaraka, toleo la 1998, nina sentensi moja tu: niliwahi kuwa na bosi aliyekisoma kile kitabu, na ofisi nzima tulijua kwamba amekisoma.

#9 Mzee wa zamani

Vijana mmekuja juzi. Sisi miaka ya sabini na themanini tulisoma James Hadley Chase mpaka karatasi zikawa laini kama kitambaa. Marekani yote niliijua kwa Chase. Huyo mbona hayumo kwenye orodha yako ya Wamarekani?

#10 Mleta uzi

Shikamoo mzee. Hayumo kwa sababu alikuwa Mwingereza! Mzaliwa wa London, jina lake René Raymond. Kile kitabu chake cha kwanza kilichovuma, cha 1939, na vingine vingi vya Marekani aliviandika akiwa na ramani za miji na kamusi ya lugha ya mitaani mezani. Ile Marekani uliyoijua ilitengenezewa Uingereza, ikauzwa Dar. Nami nilipojua nilinuna siku nzima, maana na mimi nilianzia kwa baba na zile zile.

Ila mzee, hata Chase vitabu vyake vyote ni mkoba wa pesa na watu wanaoufia. Ungeiga Marekani kwa ramani, kitu cha kwanza kuiga kingekuwa hicho.

#12 Mleta uzi

Twende kwa kilichoniliza. Death of a Salesman cha Arthur Miller, tamthilia, ilipanda jukwaani New York mwezi Februari 1949. Najua wengine mtasema tamthilia si ya kusoma kimya kimya. Mimi nimeisoma kimya kimya mara nne.

Willy Loman ana miaka sitini na mitatu, anazunguka na gari kuuza bidhaa za kampuni aliyoitumikia miaka thelathini na kitu. Machinga mwenye tai. Mshahara wameshaukata, anaishi kwa kamisheni, na kila wiki anakopa dola hamsini kwa jirani, halafu anamdanganya mkewe kwamba ndiyo malipo. Anakwenda kumwomba bosi wake kazi ya kukaa ofisini. Bosi ni kijana aliyemwona tangu mtoto mchanga, kanunua mashine mpya ya kurekodi sauti, na badala ya kumsikiliza mzee anamsikilizisha sauti za wanawe wakipiga mluzi na kutaja majina ya miji mikuu. Kisha anamfukuza kazi. Ile mashine, wakuu! Miller angeishi leo angeweka simu, na tusingeona tofauti yoyote.

Kuna sehemu Willy analalamikia friji. Wanalipa kwa awamu, na kila mkanda unakatika kabla deni halijaisha. Anasema angalau mara moja maishani angetamani kumiliki kitu kikawa chake kabla hakijaharibika. Mimi wakati nasoma hayo nilikuwa nadaiwa awamu tatu za friji, na friji ilikuwa kwa fundi.

Sasa sikilizeni hii. Willy ana kaka yake marehemu, Ben, anamtokea kama njozi. Ben ndiye mtu wa hamasa wa kitabu kizima. Kila akitokea anarudia wimbo wake: aliingia msituni ana miaka kumi na saba, akatoka ana ishirini na mmoja, tajiri. Msitu wenyewe uko wapi? Afrika. Alikuwa anakwenda Alaska, jiografia ikamshinda, akajikuta huku kwetu kwenye machimbo ya almasi. Yaani ndoto ya Mmarekani aliyeshindwa kulipa friji ni kwamba utajiri uko Afrika, na sisi tuko Posta tunanunua kitabu kinachosema uko Marekani. Tumepishana njiani kama mabasi ya usiku.

Mwisho sitausema wote. Nyumba yao ina mkopo wa miaka ishirini na mitano, na mkewe anasimama kaburini anamwambia kwamba malipo ya mwisho kayafanya leo.

#15 Mdau wa Nakuru

Mleta uzi, heko. Sisi huku Kenya kuna Mmarekani mmoja tulimsoma tutake tusitake, John Steinbeck, kwa sababu The Pearl ilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari. Kino na lulu yake. Wakati ule niliona ni kazi ya mtihani tu, eleza maudhui, eleza wahusika. Nilikuja kuielewa nilipoanza kuuza parachichi. Kumbuka Kino anapopeleka lulu mjini: wanunuzi kadhaa, kila mmoja na ofisi yake, wanajifanya kushindana, kumbe wote ni wa tajiri mmoja. Wa kwanza anasema peso elfu moja. Wanaitwa wengine, mmoja anasema haina thamani, mwingine anasema mia tano. Madalali wetu huja shambani vivyo hivyo, watatu kwa siku tofauti, bei moja.

#16 Mleta uzi

Ndugu wa Nakuru, umenifupishia kazi. Na tazama kwamba Steinbeck hakusema Kino ni mvivu au hana fikra za kitajiri. Fikra anazo: mwanawe asome, ndoa ifungwe kanisani, apate bunduki. Soko ndilo limefungwa.

Kitabu chake kikubwa ni The Grapes of Wrath, 1939. Kinatisha kwa unene, nakiri mara ya kwanza nilikiachia njiani. Familia ya Joad, wakulima wa Oklahoma, ukame na vumbi vimewala, benki imechukua ardhi, wanapakia kila kitu kwenye lori kuukuu kwenda California kuchuma matunda. Kati ya sura za familia kuna sura fupi zisizo na wahusika wenye majina, na mimi nazipenda kuliko hadithi yenyewe. Mojawapo, dereva wa trekta amekuja kubomoa nyumba. Mwenye nyumba ana bunduki, anataka ajue wa kumpiga. Dereva ni kijana wa palepale, analipwa dola tatu kwa siku. Anamwambia ukiniua mimi watamleta mwingine. Basi nani kakuagiza? Fulani. Naye kaagizwa na nani? Benki. Na benki? Imepata amri kutoka mashariki. Mzee anabaki na bunduki yake hana pa kuielekeza. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia kiwanja chake ofisi hadi ofisi, ambako kila dawati linakwambia "maelekezo yametoka juu", asome kurasa zile.

Na kuna lile karatasi la tangazo la kazi ambalo kila mhamiaji analo mfukoni kama hati ya kusafiria. Mtu mmoja aliyekwisha kuonja anawaeleza hesabu: tajiri anahitaji watu mia nane, anachapisha matangazo elfu tano, yanasomwa na watu labda elfu ishirini, wanaofunga safari elfu mbili au tatu. Wakifika njaa imewafika pia, anawalipa anachotaka. Hesabu safi kabisa, hata mimi sina la kusahihisha. Wenye ndugu walioitwa na mawakala kwenda kazi za ndani Uarabuni watakuwa wamenielewa.

Matajiri wa mashamba walikasirika. Agosti 1939 kaunti ya Kern, kule kule California kunakosimuliwa, ilikipiga marufuku kwenye maktaba na shule zake. Mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer, na 1962 Steinbeck akapewa Nobel ya fasihi.

#20 Mdau wa Dodoma

Hizi zote ni za kubuni. Vya ukweli je? Mimi sisomi kitu ambacho hakikutokea.

#21 Mleta uzi

Haya, nilimwahidi mdau wa Mwanza kwamba nitamrudia mpangaji.

Evicted cha Matthew Desmond, 2016. Desmond ni mwanasosholojia. Alihamia mitaa ya maskini ya Milwaukee, akakaa kwanza kwenye eneo la nyumba za trela na kisha kwenye chumba cha kupanga, akawafuatilia wapangaji na wenye nyumba, pande zote mbili. Kitabu kinaanza na mtoto kurusha mpira wa theluji kwenye gari linalopita. Mwenye gari akashuka, akavunja mlango kwa teke. Mwenye nyumba akaona mlango umevunjika, akamfukuza mama na watoto wake wawili. Ndivyo mpira wa theluji unavyokufukuzisha nyumba.

Huyo mama kitabu kinamwita Arleen, majina yamebadilishwa. Posho yake ya serikali ni dola 628 kwa mwezi. Kodi ya nyumba anayohamia baadaye ni dola 550. Toa mwenyewe. Halafu siku ya kutolewa, wapakiaji wanakuuliza swali moja: lori au barabarani? Lori maana yake vitu vyako vinakwenda ghala la kulipia, usipolipa vinapotea. Barabarani maana yake wanavipanga njiani, majirani wakutazame.

Mwenye nyumba, Sherrena, ni Mmarekani mweusi kama Arleen, alikuwa mwalimu, akaamua kuingia kwenye nyumba za kupangisha. Yaani alifanya lile lile ambalo Kiyosaki anatuambia tufanye. Desmond hamchori kama shetani. Kuna siku anampelekea Arleen chakula. Ni mchapakazi, mcheshi, na anakufukuza mwezi wa kwanza theluji ikiwa magotini. Hicho ndicho kitabu kilichomjibu Rich Dad vizuri kuliko vyote, na sidhani kama Desmond hata alikuwa na nia hiyo.

Kwa haraka haraka: Nickel and Dimed cha Barbara Ehrenreich, 2001, mwanamke mwenye shahada ya uzamivu ya biolojia anaificha shahada yake, anafanya kazi ya kuhudumu mgahawani Florida kwa dola 2.43 kwa saa pamoja na bakshishi, kusafisha nyumba za watu Maine, kupanga nguo dukani Minnesota. Kizuri, kina vichekesho vichungu, ila muda wote unajua anaweza kurudi kwao Jumatatu. Na The Immortal Life of Henrietta Lacks cha Rebecca Skloot, 2010: mama mweusi aliyefariki kwa saratani mwaka 1951 akiwa na miaka 31, seli zake zikachukuliwa bila ridhaa, zikasaidia hata chanjo ya polio, zikauzwa dunia nzima, na wanawe hawakuwa na bima ya afya. Mdau wa Dodoma, hivyo vyote vilitokea.

#24 Mdau wa Columbus, Ohio

Nawasoma nikiwa kazini, zamu ya usiku ghalani. Nipo huku mwaka wa tisa. Mleta uzi hajatia chumvi kwenye kodi. Ila nyumbani mnalipa miezi sita kwa mpigo au mwaka, na dalali anakula mwezi mmoja juu yake. Huku wanakukamua kila tarehe moja. Sijaamua bado kipi kinauma zaidi. Nyumbani wakinipigia simu wanadhani nimeshatoka msituni na almasi kama yule Ben wako.

#27 Mleta uzi

Kaka wa Columbus, pole na zamu. Hilo la mwisho ningekuwa na ruhusa ningeliweka kwenye kichwa cha uzi.

Namaliza na Ernest Hemingway, mwandishi wa Kimarekani wa enzi za Fitzgerald, kwa sababu huyu alikuja kwetu. Disemba 1933 alishukia Mombasa, akawinda Tanganyika hadi mapema 1934, safari iliyogharimiwa na mjomba tajiri wa mkewe kwa dola 25,000. Green Hills of Africa ya 1935 ni kitabu cha ukweli cha safari hiyo. Kusoma Kiswahili chetu humo ndani ni starehe na adhabu kwa pamoja: tandala kaandikwa "tendalla", bwana kawekewa kile kimkato cha juu katikati ya herufi, amri zote ni neno moja moja. Watu wetu ni wabeba bunduki na wasaka nyayo. Mmoja, M'Cola, ndiye anayepata sura na tabia kuliko wengine, na hata yeye tunamwona akicheka zaidi ya kuzungumza. Ukisoma kama Mtanzania unajikuta unasoma kitabu kingine pembeni, kile ambacho M'Cola angekiandika.

Lakini kuna ukweli mmoja aliousema bila kujisitiri. Mwenzake wa kuwinda, Karl, kila mara anapata mnyama mkubwa kuliko wake. Kifaru, mkubwa zaidi. Mwisho wa kitabu Hemingway anahangaika siku na siku, anapata tandala wawili wenye pembe za kujivunia, anarudi kambini na furaha yake, anakuta Karl kaleta pembe zinazofanya zake zionekane za mbuzi. Anajaribu kupongeza na maneno yanakwama. Wivu wa mtu aliyefanikiwa kumwangalia aliyefanikiwa zaidi, sijauona umeandikwa kwa uaminifu kama pale.

Alipougua kuhara damu alibebwa kwa ndege kwenda Nairobi, na kutokana na hilo ikaja The Snows of Kilimanjaro, hadithi fupi ya 1936. Mwandishi anakufa kwa kidonda kilichooza, kambini, karibu na mkewe tajiri, na anajua kabisa kwamba aliacha kuandika kwa sababu maisha ya pesa ya mke yalikuwa matamu. Anamlaumu mke, halafu anajilaumu. Na kwenye chapa ya kwanza jaridani Hemingway alimtaja Fitzgerald kwa jina, kumcheka kwa jinsi anavyowastahi matajiri. Fitzgerald akalalamika, jina likabadilishwa kitabuni. Wawili hao wanagombania matajiri chini ya mlima wetu! Fitzgerald alikufa 1940 akiwa na miaka 44, na nakala za Gatsby bado zilikuwa ghalani hazijauzwa. Kilikuja kusomwa na watu wengi vita vilipokuja, jeshi la Marekani lilipogawa nakala zaidi ya laki moja na nusu kwa askari.

Hazitoki, kama alivyosema muuzaji wangu.

#30 Mdau wa Mwanza

Nimerudi. Sijabadili msimamo. Lakini hiyo ya mpira wa theluji imenikaa. Gatsby unayo nakala ya kuazima?

#33 Mleta uzi

Mkuu, nakala ipo kwa mdogo wangu, ukimwona mwambie airudishe.

Nilimsomea ule ukurasa wa ratiba wiki iliyopita, tukiwa tumekaa barazani umeme umekatika. Nilikuwa nimejiandaa kwa mjadala, nimepanga hoja zangu. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, hakusema lolote kuhusu Daisy wala msiba wala gongo. Akaniuliza tu: "Mbona alikata tano akaandika tatu?"

Nikamwambia kitabu hakielezi.

Akasema, "Alikuwa anakula wapi huyo mtoto?" Kisha akachukua kitabu, akawasha tochi ya simu, akaanza ukurasa wa kwanza. Ratiba yake bado ipo ukutani. Jana nimeona ile elfu tano ya kila siku imepigwa mstari, pembeni kuna elfu mbili, na wino wake si wa jana.

Mwenye maoni kuhusu ile tano na tatu aweke hapa, maana mimi mhasibu nimeshindwa.